Pezi mbele au pezi nyuma? Ubishi wa bodi ndefu na kona zake

Kila nikienda Muizenberg, pale Cape Town kwenye vile vibanda vya mbao vya rangi rangi, lazima niukute ubishi huu huu, pezi la bodi ndefu ya kuteleza juu ya mawimbi, yaani lile bapa linalochomoza chini yake, likae wapi. Kwa asiyejua, chini ya mkia wa bodi ndefu huwa kuna boksi, yaani kamfereji ka kama inchi 10 hivi, pezi linaingia humo unalisogeza mbele au nyuma halafu unakaza skrubu moja, kwisha. Kundi la kwanza linakwambia sogeza mbele bodi iwe nyepesi, la pili linasema rudisha nyuma kabisa, ukitaka kuchezacheza katafute bodi fupi. Mi nimeshakaa pande zote mbili na naona wote wana hoja, ila kuna kitu wote wanakisahau.

Kwanza tuelewane, pezi sio usukani. Jahazi unageuza usukani chombo kinafuata, pezi la bodi limekazwa, haliendi popote. Kinachogeuza bodi ni wewe kuilaza ubavu, ukingo unauma maji, pezi linazuia mkia usiteleze hovyo, na bodi inazunguka karibu na pale pezi liliposhika. Sasa pezi likisogea kuelekea omo, yaani mbele ya bodi, sehemu ya kuzungukia inakuja karibu na miguu yako na mkia unabaki mrefu nyuma bila kitu cha kuushika, kwa hiyo kona inakuwa fupi na bodi inageuka ukiigusa tu. Likirudi tezi, yaani nyuma, mkia unashikwa, bodi inafuata mstari na ukiikanyaga inasukuma mbele badala ya kuponyoka, tatizo ni kona inakuwa pana kama semi-trela inatafuta pa kugeuzia.

Hao wa mbele wana haki kwa Muizenberg. Wimbi la pale ni taratibu, linakuja limelala, ukiweka pezi nyuma kabisa unajikuta unaenda moja kwa moja mpaka mchangani kama umepanda treni. Siku moja nililegeza skrubu kwa sarafu, nikasogeza pezi kama inchi moja hivi mbele, nikarudi majini na bodi ile ile, watu wale wale, wimbi lile lile, kona ya kwanza tu nikageuka kupita kiasi nikaanguka upande nisioutarajia. Inchi moja! Ndo maana nacheka mtu akiniambia hizo ni hadithi za wauza mapezi.

Ila nikabeba mpangilio huo huo mpaka Jeffreys Bay, huko huko Afrika Kusini, na hapo ndo wale wa nyuma walinifunga mdomo. Pale wimbi linakimbia na ukuta wake umesimama, ukiweka ubavu ndani unahitaji mkia ung'ang'anie, wangu ukachomoka, nikageuka mzimamzima nikawa naangalia nilikotoka. Aibu tu.

Na huu ubishi sio wa bodi ndefu peke yake. Mwaustralia Mark Richards alichukua ubingwa wa dunia wa kuteleza mawimbini mara 4 mfululizo, 1979 mpaka 1982, kwa bodi ya mapezi mawili yaliyokaa pembeni, bila pezi la katikati nyuma, nyepesi kugeuka balaa. Mwenzake Simon Anderson, jamaa mwenye mwili mkubwa, bodi za hivyo zilikuwa zinamponyoka, akaongeza pezi la tatu katikati karibu na mkia, na 1981 akashinda mashindano ya Bells Beach, Australia, mawimbi yakiwa makubwa kweli kweli. Ukiangalia vizuri Anderson hakuchagua upande, alichukua vyote, mapezi ya pembeni yapo kama inchi 11 kutoka mkiani yanasaidia kugeuka, la nyuma lipo kama inchi 3 na nusu linashika. Hata hapo ukisogeza la nyuma mbele kidogo yote matatu yanabanana na bodi inakuwa nyepesi kugeuka, ukilirudisha yanaachana na bodi inatulia. Hesabu ni ile ile.

Sasa kile kinachosahaulika: mguu wa nyuma. Kama unasimama katikati ya bodi kama abiria wa daladala, pezi uliweke mbele uliweke nyuma hutaona tofauti ya maana, maana hufiki pale penye kazi. Wengi wanaolalamika bodi haigeuki nikiwaangalia mguu uko hatua mbili mbele ya pezi. Halafu na umbo nalo, pezi lililolala sana kwenda nyuma ncha yake iko mbali na kitako, yaani ile sehemu inayoingia kwenye boksi, kwa hiyo hata ukikisogeza kitako mbele bado lile eneo kubwa la pezi liko nyuma na kona inabaki ndefu, wakati pezi lililosimama wima linageuka kwa kifupi hata likikaa nyuma. Watu wawili wanaweza kubishana inchi ngapi kumbe mapezi yenyewe hayafanani, huo sio ubishi ni kelele.

Mi nikilazimishwa kuchagua, naegemea nyuma kidogo ya katikati. Sababu yangu ni kwamba bodi ngumu kugeuka unaweza kuirekebisha kwa kurudisha mguu, lakini bodi inayoponyoka kwenye wimbi lililosimama mguu hauisaidii, ushachelewa. Anayekaa kwenye wimbi dogo mwaka mzima hana haja ya kunisikiliza, asogeze mbele tu afurahi. Ila asogeze nusu inchi nusu inchi, na aweke alama na kalamu ya maka pembeni ya boksi, mi sikuweka nikapoteza wiki mbili nikitafuta pale pazuri pa mwanzo. Na skrubu aioshe maji yasiyo na chumvi akitoka baharini, yangu ilikamatwa na kutu nikaishia kuichimbua na bisibisi.