Modeli za mikondo ya pwani: tuiamini setelaiti au kipimo cha majini?

Ripoti nyingi za modeli (maigizo ya kompyuta) za bahari ya ukanda wetu zina ukurasa mmoja usiokosekana: ramani mbili za joto la uso wa bahari, moja ya setelaiti na moja ya modeli, na chini yake uwiano wa juu kabisa, 0.9 au zaidi, ambapo 1 ni kupanda na kushuka pamoja kikamilifu. Msomaji anafunga ripoti ameridhika.

Mimi uwiano huo haunibabaishi. Maji ya pwani ya Tanzania na Kenya hufika nyuzi 29 au 30 kwenye Machi, kaskazi inapoishia, kisha hushuka hadi 25 au 26 kwenye Agosti, kusi ikiwa imekolea. Modeli yoyote inayojua kalenda itapanda na kushuka pamoja na setelaiti. Ondoeni kwanza mzunguko huo wa mwaka, mlinganishe kinachobaki, ndipo tuzungumze.

Kuna zito kuliko hilo. Modeli ya ukanda hulishwa mipakani na modeli ya dunia nzima, na hiyo ya dunia mara nyingi imeshasahihishwa kwa data za setelaiti hizo hizo. Kuipima tena kwa setelaiti ni kumpa mwanafunzi mtihani ambao majibu yake alishachungulishwa.

Hata hivyo, wanaoitetea setelaiti wana hoja. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na kusi huuongezea kasi. Kaskazi inapovuma, mkondo huo hukutana na Mkondo wa Somalia unaoteremka kusini, na mahali pa kukutania huhamahama. Boya moja haliwezi kuliona hilo. Setelaiti inaliona, na rekodi ya kimo cha bahari, kinachotumika kukadiria mikondo, imeendelea tangu setelaiti ya TOPEX/Poseidon iliporushwa mwaka 1992. Na maharamia wa Somalia walipotamba, ni meli gani ya utafiti ingekubali kwenda kuhudumia maboya kule?

Shida huanza ukikaribia nchi kavu. Setelaiti hupima kimo cha bahari kwa rada, na mwangwi wa rada hiyo huchafuliwa na ardhi, kwa hiyo kilomita kumi na zaidi za mwisho hazitegemeki. Mlango-bahari kati ya Unguja na Bara una upana wa kilomita 35 hivi tu. Setelaiti za Jason, warithi wa TOPEX/Poseidon, zilirudi kwenye mstari wake kila baada ya siku 10 hivi, ilhali maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Setelaiti mpya zaidi ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, inaona vizuri zaidi karibu na pwani, ila hurudi kila siku 21. Vielezo vya Argo, vyombo vya kupimia vinavyoelea na kuzama vyenyewe, navyo vimeundwa kuzama mita 2,000. Mlangoni humo, penye kina cha makumi ya mita, havina pa kuzamia.

Kinabaki kipimo cha kimo cha maji cha bandari ya Zanzibar, pamoja na vipima mkondo vya hapa na pale. Upande huu nao usijisifu mapema. Bamvua ya mita 4 hukokotolewa mwaka mzima kabla haijafika, kwa rekodi za nyuma tu. Modeli inaweza kupatia kimo cha maji bandarini na bado ikakosea yanakoelekea. Tena kipima mkondo kilichowekwa nyuma ya mwamba kitasoma maji ya pale pale, wakati kisanduku kimoja cha modeli, ambayo huigawa bahari katika visanduku, kinaweza kumeza kilomita kadhaa. Vikipishana, mkosaji si lazima awe modeli.

Lakini data za setelaiti tunazipata bure. Fedha kidogo iliyopo ningeiweka kwenye vipima mkondo viwili vitatu, vikae mlangoni kusi na kaskazi, na alama za modeli ndani ya mlango zitolewe peke yake, zisifichwe ndani ya wastani wa bahari kuu. Meli ya abiria MV Skagit ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 2012, waokoaji walikuwa na swali la saa chache: maji yanawapeleka wapi watu? Katika saa sita maji yaliyokuwa yakijaa yanakuwa yanapwa, na ramani ya wastani wa mwezi haina habari na hilo.