Programu ya Bure, Mahari Juu

Aliyesema programu huria ni ya bure aje hapa Temeke anitazame usoni.

Kompyuta yangu inaendeshwa na CentOS 7, mfumo huria wa mwaka 2014. Tangu tarehe 30 Juni 2024 wenyewe wameitelekeza, vifurushi vyake wamevitupia kwenye kumbukumbu za zamani. Vijana wananiambia, "Mzee, weka mfumo mpya." Niweke kwani huu umenikosea nini? Unawaka, unazimika, taarabu unapiga.

Nilitaka Python 3.10 tu, jamani, lugha ya kuandikia programu. Nikashusha msimbo wake, nikaandika ./configure ya kuandaa ujenzi, nikaandika make ya kujenga. Maandishi yakamwagika kwenye kioo mpaka chai ikapoa. Mwisho kabisa, kila kitu kimeshajengwa, ndiyo inatamka: bila OpenSSL 1.1.1, ile ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, moduli ya ssl hupati. Mimi ninayo 1.0.2. Sasa si ungesema tangu mlangoni? Na bila ssl, pip, ile ya kushushia vifurushi vya Python, haishushi chochote, kwa hiyo nina Python ya kupigia hesabu za sokoni.

Basi, ukweni ndivyo kulivyo. Umelipa mahari, anatokea mjomba anadai kanzu yake.

Lakini huyo wa OpenSSL ana nafuu. Kuna programu nyingine inataka C++17, toleo jipya la lugha ya C++, na kompaila yangu, ile ya kugeuza msimbo uwe programu, ni GCC 4.8.5, C++17 haijawahi hata kuisikia. Dawa? Kompaili GCC mpya. Kwa kutumia nini? Kwa GCC ya zamani! Nayo haiji peke yake, inataka maktaba zake za hesabu: GMP, MPFR na MPC. Ukishazileta zote, inajikompaili yenyewe mara tatu, eti ihakikishe imejijenga sawasawa. Mara tatu! Kwa umeme wa nani?

Na hata ikiisha, najua kitakachofuata. Programu itagoma: GLIBCXX mpya, maktaba ya C++ inayokuja na GCC, haionekani. Imo, imekaa pale kwenye /usr/local/lib64, ila programu inachungulia /lib64 tu, kwenye ile kuukuu. Mpaka uishike mkono kwa LD_LIBRARY_PATH, uionyeshe njia.

Hivi ninavyoongea GCC iko raundi ya pili, feni inavuma, na Luku imeanza kulia.

"Baba Zuhura, hicho kitu kinaisha saa ngapi?"

"Bado kidogo, mke wangu. Kimefika asilimia tisini."

Make yenyewe haionyeshi asilimia.