Fundi, Bei?

Leo asubuhi, kabla hata sijatia mafuta cherehani, nilibandika kwenye stetasi ya WhatsApp picha ya gauni la kitenge, na juu yake nikaandika kwa herufi nyekundu zilizomfunika mrembo kifua kizima: "Kushona 25,000, kitambaa uje nacho." Mtu wa kwanza kuiona aliniandikia, "Bei?" Wa pili, mstaarabu zaidi, aliandika, "Naomba bei." Wa tatu, mtu mzima ambaye mimi humwamkia shikamoo, alitaka nimtajie bei faraghani, nilipomtajia alisoma, akanyamaza, na mpaka sasa tiki mbili za buluu zinanikodolea macho.

Tuliwahi kuitwa kwenye ukumbi wa kata sisi wafanyabiashara wadogo, tukafundishwa kwamba mteja ni mfalme, tukapewa soda na kalamu. Hakuna aliyetueleza mfalme huyo anataka nini anapoandika "Mambo" saa tano na nusu usiku, akasubiri uamke umjibu "Poa", kisha akalala yeye.

Mchukulieni dada mmoja anayejiita mteja wangu wa kudumu, jambo ambalo silikatai, kwa kuwa hata deni lake ni la kudumu. Dada huyu haandiki, bali hutuma sauti. Wiki hii alinitumia ujumbe wa dakika nne kuhusu gauni la kitchen pati, nami nikazima redio, nikamwomba kijana wangu asimamishe cherehani, nikaiweka simu sikioni kwa heshima zote. Dakika ya kwanza alikuwa akimfokea mtoto avae soksi. Ya pili na ya tatu alikuwa juu ya bodaboda, kwa hiyo nikapata taarifa kamili ya upepo wa Barabara ya Kilwa pamoja na mabishano ya nauli. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo fundi, fanya hivyo hivyo, ila usisahau kile nilichokuambia mwanzoni." Nikarudi mwanzoni. Mwanzoni ni soksi.

Nikamwomba picha. Akanitumia gauni la solo, mikono ya puto, mkia wa kuburuza, mshono unaokula yadi sita bila kubakiza hata kipande cha kufunikia kifungo, ilhali kitenge alichoniachia ni yadi tatu. Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayedaiwa kodi ya fremu, kwamba hapo mkia utaishia magotini. Akajibu, "Wewe si fundi? Banabana." Halafu akaongeza kwamba mshono ufanane na wa kwenye picha, lakini usifanane kabisa, kwa sababu wifi yake naye anashonesha huo huo.

Vipimo nilipoviomba, alinitumia alivyopimwa mwaka 2019, kabla hajajifungua mapacha. Nikampigia ili nimwombe aje apimwe upya, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi, nikaweka spika. "Jamani fundi, hayo ya kupimana ya nini tena? Shona tu, mwili wangu si unaujua!" Mke wangu alikuwa amekaa pale pale akikata nyuzi. Mkasi ukasimama. Ningependa wale walimu wa semina waniambie ni ukurasa gani wa kitini chao unaoeleza namna ya kumjibu mteja kwa ukarimu na hapo hapo kumjibu mke kwa haraka.

Halafu nchi nzima imekubaliana kwamba mafundi ndio waongo. Mimi nimesema Ijumaa jioni, nikaandika Ijumaa jioni, nikabandika karatasi kwenye mfuko wa nguo, na Jumatano mchana mtu anasimama mlangoni, eti alikuwa anapita tu, aone imefikia wapi. Imefikia kwenye umeme kukatika, mama! Imefikia kwenye bitana iliyopanda bei, kwenye zipu uliyosema utaleta mwenyewe na hujaileta!

Simtaji anayetuma pesa bila ya kutolea, wala anayebipu kisha simu yake ikawa inatumika, wala aliyenionyesha picha ya muamala bila kusoma kwamba muamala wenyewe umeshindikana.

Lakini yuko bwana mmoja aliyechukua mashati ya wapambe wake kwa nusu ya malipo, na tangu hapo nikimpigia hapatikani, nikimwandikia ni tiki moja. Juzi nikajikuta nimeunganishwa kwenye kundi la kamati ya harusi yake. Humo yumo mwekahazina ambaye ningependa awafundishe wateja wangu wote kuandika: kila alfajiri huweka orodha yenye jina, ahadi, kilichotolewa, kilichobaki, namba ya kutumia pesa, jina litakalotokea na siku ya mwisho, kisha hukumbusha watu waweke na ya kutolea. Mimi ni wa thelathini na moja. Ahadi yangu, ambayo sikumbuki kuitamka, ni laki moja, na kilichobaki ni laki moja. Nilipouliza, bwana harusi mwenyewe, yule asiyepatikana, alinijibu kabla sijaweka simu chini: "Fundi wetu, tunakutegemea."

Nimewatumia ujumbe wa sauti, dakika nne, cherehani zote mbili zikiwa kazini.