Mafia Haihitaji Kuwa Unguja ya Pili

Kila ninapowasikia watu wakisema kwamba kisiwa cha Mafia kimelala, na kwamba kinahitaji kuamshwa kwa hoteli za ghorofa na muziki wa usiku kucha ufukweni, huwa najiuliza kama wamewahi kukaa huko walau mchana mmoja, maji yakajaa na kupwa mbele ya macho yao. Hoja yangu ni kwamba starehe za Mafia zinatokana na bahari ambayo bado inajipangia saa zake, na kwamba mradi wowote utakaoingilia utaratibu huo utakuwa unauza kitu ambacho umekwisha kukiharibu.

Chukua Ghuba ya Chole, ambako nyumba nyingi za wageni zimejengwa upande wa Utende. Siku za bamvua maji hujaa pomoni, na saa sita hivi baadaye huwa yamekwenda mbali, yakiacha uwanda wa mchanga na majani ya bahari, mashua zimelala ubavu, na watu wakipita mwambani na mikuki kutafuta pweza. Atakaye kuyaona magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani kwa urahisi husubiri maji yajae ili mashua ipite. Atakaye kuvuka kwa miguu kati ya kisiwa cha Chole na Juani husubiri yapwe. Hakuna meneja awezaye kubadili ratiba hiyo, na mgeni anayenung'unika kwamba ameambiwa aondoke alfajiri badala ya saa nne hajaelewa amefika wapi.

Kua kwenyewe kunastahili subira hiyo. Ni mji wa mawe ya matumbawe na chokaa ambao Wasakalava kutoka Madagaska waliushambulia mwanzoni mwa karne ya 19, na leo mizizi imejipenyeza katika kuta za misikiti na za jumba la watawala. Pale Chole kuna popo wakubwa walao matunda, wenye jamaa zao Komoro, ambao mchana kutwa huning'inia mitini na jioni hutoka kwa kundi. (Wapo wanaowaogopa; popo hao hawana haja na mtu.)

Lakini wengi huja kwa ajili ya papa potwe, na hapo ndipo ninapokuwa mkali. Kuanzia Oktoba hadi Februari samaki hawa, ambao ndio wakubwa kuliko samaki wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni, upande wa magharibi unaotazamana na delta ya Rufiji, wakila viumbe wadogo mno wa majini. Wengi wao ni madume ambayo hayajakomaa. Ukiwa ndani ya maji na miwani yako, kwanza huoni chochote ila ukungu wa kijani. Kisha linajitokeza domo pana lililo wazi, linafuatwa na mgongo wenye madoa meupe, na mkia unapita taratibu kana kwamba hujawahi kuwapo. Nimeona pia mashua kadhaa zikimzingira mmoja, injini zikiunguruma na watu wakirukiana vichwani, mpaka akazama zake. Ningependa idadi ya mashua na ya waogeleaji kwa kila samaki isimamiwe bila huruma, hata kama wageni wengine watarudi bila picha.

Najua nitajibiwa kwamba watu wa Mafia wanahitaji kipato. Ni kweli, na ndiyo maana nasema hivi. Hifadhi ya bahari ya Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza Tanzania, ina vijiji ndani yake, na wavuvi wa vijiji hivyo ndio walioambiwa waache nyavu za kukokota ili matumbawe na mazalia ya samaki yapone. Waliolipa gharama hiyo ndio wanaopaswa kutangulia katika unahodha, uongozaji wa wageni na ulinzi wa viota vya kasa kule Juani, kabla ya mwekezaji kuleta wafanyakazi wake kutoka kwingine. Wageni wachache wanaokaa wiki nzima wana faida kubwa kwa nahodha wa Utende kuliko umati unaoshuka asubuhi na kuondoka jioni.

Kwa Mtanzania anayetaka kwenda, boti huondoka Nyamisati, katika pwani ya Rufiji, na kufika Kilindoni. Aamue mapema anataka nini, maana vyote havipatikani kwa safari moja: potwe ni wa majira ya kaskazi, ilhali vifaranga vya kasa wa kijani hutoka mchangani zaidi wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba, bahari ikiwa imechafuka upande wa nje. Masika asiende, maana mvua hunyesha kutwa na nyumba nyingi za wageni hufungwa. Mimi ningemshauri aanze na Novemba.