Tarehe 25 Machi Kwenye Mlima wa Moto

Ukisema kuwa riwaya ya fantasia ina taashira za Kikristo, wasomaji wengi hukunja uso. Wanahofia kwamba kila joka litageuzwa Shetani, kila upanga uwe Neno la Mungu, na hadithi waliyoipenda ibaki mahubiri. Hofu hiyo ina msingi. J.R.R. Tolkien mwenyewe, katika dibaji ya toleo la pili la The Lord of the Rings, riwaya yake kuhusu safari ya kwenda kuangamiza pete ya uovu, alisema hapendi hadithi za fumbo, zile ambazo kila kitu kimewekwa kusimamia kitu kingine. Aliona kuwa humo mwandishi anamtawala msomaji, naye alitaka msomaji abaki huru.

Maneno hayo hunukuliwa sana. Barua aliyomwandikia mtawa Mjesuiti Robert Murray mwaka 1953 haina bahati hiyo, ingawa humo alisema kazi yake ni ya kidini na ya Kikatoliki katika msingi wake: mwanzoni bila kukusudia, wakati wa kuisahihisha kwa kukusudia. Mimi sioni mgongano. Kukataa fumbo si kukana imani iliyoilea hadithi.

Tazama tarehe. Kiambatisho cha kitabu kinaonyesha kuwa wasafiri walioichukua pete waliondoka Rivendell, walikopangia safari yao, tarehe 25 Desemba, na pete ikaangamia tarehe 25 Machi. Desemba tunaijua. Machi ndiyo iliyonikalisha muda mrefu. Ni sikukuu ya Malaika kumpasha habari Maria, na mapokeo ya kale yaliitaja pia kuwa siku ya Kristo kusulubiwa. Uingereza ilianza mwaka wake mpya siku hiyo mpaka 1752. Na ndani ya riwaya, baada ya pete kuangamia, mwaka mpya wa Gondor, ufalme mmoja wa hadithi hiyo, nao unaanza 25 Machi. Tolkien, profesa aliyetumia maisha yake katika maandishi ya kale ya Kiingereza hakuiokota tarehe hiyo njiani. Hata hivyo hakuna mhusika anayeieleza. Imetulia tu kwenye kalenda, na asiyeijua hapotezi hadithi.

Wanaopinga usomaji huu wa Kikristo wana hoja nzito zaidi ya hiyo ya dibaji, nayo ni Ursula K. Le Guin. Katika A Wizard of Earthsea, ya 1968, kijana Ged anawindwa na kivuli alichokiachilia mwenyewe. Anayekisoma kivuli kile kama ibilisi atasubiri kishindwe na kufukuzwa. Ged anakiita kwa jina lake mwenyewe, na wawili hao wanakuwa mmoja. Le Guin alichota katika fikra za Tao, falsafa ya kale ya China, na msomaji anayelazimisha Biblia hapo anaikosa hadithi yote. Hilo nalikubali bila masharti. Lakini linatufundisha kumuuliza kila mwandishi amenywa kisima kipi, na jibu la Tolkien tunalo.

Ndiyo maana nabaki na Frodo, aliyebebeshwa pete ya Tolkien. Mbele ya moto wa mlima alikopaswa kuitupa, baada ya safari yote ile, anashindwa: anaivaa pete na kutangaza kuwa ni yake. Tolkien alipata barua ya hasira kutoka kwa msomaji aliyesema Frodo alistahili kuuawa kama msaliti, wala si kuheshimiwa. Kama hii ni hadithi ya ushupavu wa shujaa tu, msomaji yule ana haki. Tolkien, akilieleza tukio hilo, alirejea Sala ya Bwana: tunasali “usitutie majaribuni” kwa sababu yapo majaribu yanayozidi nguvu za mtu, na mwema anaweza kuanguka humo.

Kinachomwokoa Frodo hakitoki kwake saa ile. Zamani Bilbo, jamaa yake aliyekuwa na pete kabla yake, upanga mkononi, alimhurumia pangoni Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na tamaa ya pete. Frodo akamhurumia njiani. Sam, mwenzi wa Frodo safarini, aliyemchukia Gollum kuliko wote, naye akashindwa kumuua pale mlimani, dakika chache kabla ya mwisho. Gollum akabaki hai, akafika ukingoni, akaing’ata pete pamoja na kidole, akaanguka nayo motoni. “Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu” iko katika sala ileile, mstari mmoja juu ya majaribu.