Kila mtu ananiuliza nitafanya biashara gani, hakuna anayeniuliza nitalala lini

Mwezi wa tatu nimetimiza 56, maana yake mwaka mzima umepita tangu niruhusiwe kustaafu kwa hiari na barua sijapeleka. Wodini wanajua, mtaani kwetu Kitangiri hapa Mwanza wanajua, hata yule kijana wa bodaboda anayenipeleka zamu ya usiku anajua, na kila mmoja ana ushauri wake mfukoni. Mama fuga kuku. Mama jenga fremu. Mama ingia kwenye vizimba vya kufugia sato ziwani, siku hizi serikali inakopesha. Juzi mwingine kaniambia nikanunue kiwanja Sengerema, daraja la Kigongo si limeshafunguliwa, mambo ya kusubiri kivuko yameisha, bei itapanda tu. Sawa jamani, asanteni. Ila mi ni muuguzi mkunga, nimekesha na wazazi tangu 1997, na kitu cha kwanza ninachokitaka siku nikitoka ni kulala usiku kama watu wengine.

Nasema hivyo watu wanacheka, wanadhani natania.

Tuanze na hela maana najua ndo mnachosubiri. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu mwenyewe, sitaki za kusikia kwenye foleni. Kwa sisi wa serikali tulio PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unachukua miezi uliyochangia, unagawa kwa 580, unazidisha na wastani wa mshahara wako wa mwaka (ile miaka mitatu mizuri ndani ya kumi ya mwisho), hapo unapata pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 ya hiyo unaizidisha kwa 12.5 unapewa kwa mkupuo, inayobaki unaigawa kwa 12 ndo hela yako ya kila mwezi. Hiyo 40 nayo ina historia yake, zamani tulikuwa tunachukua nusu, 2018 wakataka kuleta 25, kelele zikapigwa mpaka Magufuli akasimamisha mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, 2022 ikaja 33, kelele tena, 2024 ndo ikapandishwa kuwa 40 kwa sisi tuliotoka kwenye nusu. Kwa hiyo anayesema anajua atapata ngapi miaka kumi ijayo, huyo mi namsikiliza tu.

Sasa tuseme wastani ni milioni 1.2 kwa mwezi. Nikiondoka leo na miaka yangu 28 ni kama milioni 41.7 mkononi na laki nne na elfu 17 kila mwezi. Nikisubiri mpaka 58, nitimize miaka 30, inakuwa kama milioni 44.7 na laki nne na elfu 47 hivi. Umeona? Miaka miwili ya kukesha inaniongezea milioni tatu na elfu thelathini kwa mwezi. Nilipomaliza hiyo hesabu nilikaa kimya kidogo. Kwa hiyo anayebaki kazini ili "kiinua mgongo kinone" ajue kinanona kidogo sana, kinachomlipa ni mshahara wenyewe anaoendelea kuupokea, na kama ana mtoto chuoni basi hapo hamna cha kubishana, unabaki. Mi kitinda mimba wangu yuko mwaka wa kwanza. Ndo nusu ya jibu la kwa nini barua sijapeleka.

Nusu nyingine nimejifunza kwa mzee wangu, mume wangu.

Yeye alikuwa fundi umeme kwenye ofisi moja hapa mjini, akafika 60 ya lazima mwaka juzi, akaagwa vizuri, akapewa na godoro. Wiki ya kwanza naamka namkuta saa kumi na moja alfajiri anapiga pasi shati. Nikadhani kuna msiba. Akavaa, akapaka viatu rangi, akatoka akakaa barazani. Basi. Akakaa hapo na viatu vyake vinang'aa anaangalia hiace zinapita mpaka saa nne, akaingia ndani akavua. Kesho yake hivyohivyo. Sikumuuliza, na yeye hakusema, lakini nilijua huyu mtu sa hivi akija yeyote na neno lolote lenye mwendo wa kwenda mahali atamfuata.

Na aliyekuja ni mdogo wangu mwenyewe wa kisiwani Ukerewe, tumbo moja, nasema bila kuficha. Akaja na hesabu ya dagaa. Na hesabu ya dagaa kwenye karatasi ni tamu sana, hakuna mtu anayeweza kuikataa, unaambiwa usiku mmoja ndoo ngapi, ndoo moja bei gani, zidisha usiku ishirini, toa mafuta, toa posho za wavuvi, baki yako hii hapa. Mzee akanunua mtumbwi, mashine, nyavu, taa za sola na betri zake, kwa mara ya kwanza maishani watu wa kambini wakawa wanamwita tajiri. Aliipenda hiyo. Akanunua daftari la mistari, kila asubuhi anakaa na simu anaandika ndoo anazotajiwa kutoka kisiwani, yeye huku Kitangiri, ziwa analiona kwa mbali juu ya mapaa.

Ambacho daftari halikusema ni kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa hamna uvuvi, taa haivuti kitu, na watu wanakula hizo siku zote. Kwamba masika dagaa hawakauki, wanaanikwa mvua inawakuta palepale mchangani, wakiharibika wanaenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kusikitisha. Kwamba mashine inaharibika kisiwani na spea iko Mwanza. Na kwamba tajiri asiyelala kambini dagaa wake wanauzwa hukohuko majini kabla mtumbwi haujagusa mwalo, yeye anatajiwa kilichobaki. Miezi kumi na moja. Mtumbwi ukauzwa nusu ya bei na mdogo wangu mpaka leo akinipigia simu anaanza na salamu ndeeefu.

Sisemi biashara ya dagaa mbaya, kuna watu wamesomesha watoto mpaka udaktari kwa dagaa, ila hao walianza wakiwa na miaka 25 na wamezeekea humo. Ninachopinga ni hii tabia yetu ya kumchukua mtu aliyefanya kitu kimoja miaka 30, akakijua mpaka akifumba macho, halafu siku anapochoka ndo tunamkabidhi kazi asiyoijua kabisa pamoja na hela yote aliyonayo. Ujana wake wote hatukumshauri afuge. Sasa magoti yanauma ndo anaambiwa ajenge banda.

Kwa hiyo mi sheria yangu nimeshaiweka na wanangu nimewaambia, mwaka wa kwanza hela ya mkupuo haiguswi na mtu, itakaa kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT au hati fungani za serikali ambazo zinalipa riba kila miezi sita, ya kula itatoka kwenye ile ya mwezi. Atakayekuja na wazo namwambia njoo mwakani. Nina uhakika wengi hawatarudi.

Halafu kuna hili la kurudi kijijini. Kwetu ni Ukerewe, napapenda, machungwa ya kule huyapati mjini, na mama yangu kazikwa kule. Lakini mimi nimekaa wodini, nimewaona wanaoletwa kutoka visiwani, nawajua wanavyofika na saa wanazofika. Nina presha. Mtu mwenye presha na miaka 60 anayehamia mahali ambapo usiku akizidiwa anasubiri meli ya asubuhi mi siwezi kumuita mstaafu, namuita jasiri. Nitaenda Nansio Krismasi na nitarudi. Kulala nitalala hapahapa, mahali ambapo hiace moja inanifikisha hospitali ya Bugando.

Kuna neno moja nalipenda, kung'atuka. Wengi wanalitumia bila kujua limetoka hukuhuku kwetu ziwani, ni la Kizanaki, Mwalimu Nyerere ndo kaliingiza kwenye Kiswahili, kwao ilikuwa wazee wa rika moja wanaachia nafasi kwa rika linalofuata. Na yeye mwenyewe ukimwangalia hakuondoka kwa kishindo kimoja, urais kaachia 1985 akiwa na miaka 63 akarudi Butiama kulima, lakini uenyekiti wa chama kabaki nao mpaka 1990. Kashuka ngazi kwa ngazi. Wanasiasa watabishana kama ilikuwa sawa, hilo sio langu, mi nimeiba tu mtindo. Nimeenda kwa metroni nikamwomba hii miaka miwili anitoe wodi ya wazazi anipeleke kliniki ya mama na mtoto, mchana, nipime uzito na kuchanja, mwili uanze kuzoea kwamba usiku ni wa kulala. Amesema ataangalia. Ana watu wachache, namwelewa, lakini nitarudi tena wiki ijayo na ijayo.

Mzee naye amepona, mnaweza kuuliza. Wale wavuvi waliokuwa wanamwita tajiri walijua ni fundi umeme, mmoja akaja na taa haiwaki, akaitengeneza palepale barazani. Akaja mwingine. Sa hivi wanamletea taa za sola na betri kutoka mwaloni Kirumba, wengine wanalipa hela, wengine wanalipa dagaa, na kitambaa changu cha meza cha maua kimeungua asidi matundu mawili. Shati hapigi pasi tena. Mi narudi zamu saa mbili asubuhi nakuta sebule imejaa waya, nakanyaga kwa uangalifu, naenda kulala na mchana wangu wa mabati yanayolia joto.

Barua nimeshaiandika, iko kwenye droo chini ya vitambaa, nimeacha wazi sehemu ya tarehe. Aliiona juzi akitafuta tochi. Akaisoma yote, akaikunja kama alivyoikuta, akaniuliza, "Sasa we ukistaafu asubuhi utakuwa unakaa wapi? Maana hii meza sa hivi ni ya kwangu."