Tab ya mwaka 1976 bado inatutesa

Kijana akija ofisini kwetu Barabara ya Ngong kwa mafunzo ya kazi, mapema tu atakutana na Makefile, faili ya maagizo ya kujenga programu inayosomwa na chombo kiitwacho make, na mapema zaidi make itamlalamikia kwamba kitenganishi hakipo. Anakodolea skrini macho. Mistari imepangwa sawasawa, hakuna herufi iliyokosewa. Kumbe kaweka nafasi kadhaa pahali pa Tab, vitu viwili ambavyo jicho haliwezi kuvitofautisha; make inataka Tab mwanzoni mwa kila mstari wa amri.

Sheria hiyo ni ya Stuart Feldman, aliyeunda make mwaka 1976 pale maabara ya Bell Labs, Marekani. Amewahi kueleza kwamba alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, wengi wao marafiki, na hakutaka kuwavurugia kazi kwa kuibadilisha. Dazeni moja! Watu wa kutosha kundi dogo la WhatsApp. Simlaumu kwa kuchagua Tab. Namlaumu kwa kuwaonea huruma. (Mwaka 2003 ACM, chama cha wanakompyuta, ilimpa tuzo kwa kazi hiyo, na aliistahili.)

Samaki mkunje angali mbichi. GNU make, ile make ya programu huria, ilipokuja kuruhusu herufi nyingine badala ya Tab, tayari ni mwaka 2010, toleo la 3.82. Kompyuta za Apple nazo zikabaki na 3.81 kwa miaka mingi, kwa sababu za leseni. Anayetaka Makefile yake ifanye kazi kila mahali atumie nini? Tab.

tar, amri ya kufunga faili nyingi kuwa moja, ndiyo ile ile hadithi: imetungwa enzi za mikanda ya sumaku, ndiyo maana mpaka leo unaandika f kuieleza kwamba unataka faili.

Wapo wanaosema tuvunje yote tuanze upya. Hao hawajawahi kuamshwa saa tisa usiku kwa sababu hati ya amri (script) iliyoandikwa na mtu aliyeshaacha kazi imegoma kwenye seva, na malipo ya wateja hayajapita. Chombo kikishaenea, tabia zake mbovu ni sehemu ya mkataba. Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, walifanya la maana: amri yao ya checkout ilikuwa ikibadilisha tawi (mkondo wa kazi) na pia kurudisha faili kwenye hali yake ya awali, kwa hiyo kijana angeweza kufuta kazi yake bila kujua. Mwaka 2019, toleo la 2.23, wakaleta switch na restore, kila moja na kazi yake. checkout ikaachwa palepale, hati za zamani zikaendelea.

Lakini dawa hiyo ni ya waliochelewa. Sisi bado hatujachelewa. Mwenzetu mmoja ameandika amri ya kulinganisha malipo ya M-Pesa na vitabu vya wateja. Humo, chaguo la -d linachagua tarehe kwenye amri ndogo moja, na kwenye nyingine linafuta rekodi. Wanaoitumia ni watu wa meza ya pili tu, na tayari anasema wameshaizoea. Nimemwambia aibadilishe kabla ya Ijumaa, wanune wakitaka.